Chambo Kizuri ni Kipi?

Wengi wenu mmepata kuvua kwa mshipi wakati wa likizo, na bila shaka baadhi yenu mmerudi nyumbani mikono mitupu mkailaumu bahati. Mimi nami niliilaumu bahati, mpaka mtoto mdogo aliponionyesha kwamba kosa lilikuwa katika chambo changu.

Kwetu ni kando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Likizo iliyopita baba aliumwa mgongo, asiweze kwenda ziwani. Akanipa mshipi wake, akasema, "Mwanangu, mpaka nipone, kitoweo na fedha za madaftari ya wadogo zako ni juu yako." Nikachimba minyoo, nikaenda kukaa mwambani. Siku tatu zilipita, sikupata kitu. Mama hakusema neno, lakini niliona jinsi maharagwe yalivyopungua chunguni, na nikaona haya. Nina umri wa miaka 19, nimesoma habari za viumbe darasani, kumbe kulisha nyumba kumenishinda!

Siku ya nne mtoto wa jirani, apataye miaka 11, alikaa karibu nami akavua ngege watano. Nilipomwuliza siri yake alicheka, akasema, "Kaka, wewe ukialikwa karamu ukaandaliwa majani ya ng'ombe, utakula?" Basi akaanza kunifundisha, nami nikayaunganisha maneno yake na yale niliyosoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, jua kinywa cha samaki unayemtaka. Ngege ana kinywa kidogo, na chakula chake kikubwa ni mwani na vitu vilaini. Mimi nilikuwa nikimtilia mnyoo mzima katika ndoana kubwa, naye akidokoa ncha na kwenda zake. Tumia ndoana ndogo na kipande kifupi cha mnyoo, au tonge la ugali mgumu lililo sawa na punje ya hindi. Ugali huo ukandwe sana, la sivyo utayeyuka majini kabla samaki hajaufikia.

Pili, jua namna anavyotafuta chakula. Kambale huwinda zaidi usiku, tena hupenda maji ya tope ambamo macho hayafai kitu. Ana sharubu 8, na kwa hizo hupapasa na kuonja. Kwa hiyo chambo chake kiwe na harufu: utumbo wa kuku, au kipande cha samaki kilichoanza kuvunda. Wako wavuvi wanaomvua hata kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Kitie chubwi kizito kikae chini kabisa. Sangara ni kinyume chake: yeye huwinda kwa macho, hataki kitu kilichokufa na kutulia. Mpe samaki mdogo aliye hai, kama furu, ambaye Waganda humwita nkejje, akichezacheza mbele yake.

Tatu, usidanganywe na mdomo usio na meno. Yuko samaki ambaye kwetu huitwa kisinja. Ni wa ukoo mmoja na kapu, yule samaki wa Asia na Ulaya anayefugwa katika mabwawa mengi. Hawa hawana meno kinywani, lakini wanayo kooni, nao husagia humo vitu vigumu. Basi kisinja hupenda konokono wadogo. Vunja kaka, utie nyama yake katika ndoana. Kapu naye hula karibu kila kitu cha chini, minyoo, mahindi yaliyochemshwa na tonge za unga, na kwa kuwa ana sharubu 4 za kuonjea, chambo kigeni hukitema upesi. Afadhali umtupie punje chache bure kwanza, azizoee, ndipo utie ndoana.

Lakini tahadhari, ndugu zangu. Ukitafuta konokono usiingie majini miguu mitupu penye majani, maana huko ndiko kwenye kichocho. Usichukue samaki hai wa ziwa moja ukamtupe katika ziwa jingine, kwani mgeni mmoja aweza kuharibu maji yote. Na sumu si chambo: huua wakubwa na wadogo pamoja, na mlaji naye yumo hatarini. Sangara asiyefika sentimita 50 mrudishe. Sheria yamlinda, na mwakani atakuwa kitoweo cha kweli.

Siku hiyo ya nne nilirudi na ngege watatu. Kufika mwisho wa likizo madaftari yalikuwa yamenunuliwa, na baba alikuwa ameanza kutembea kwa mkongojo hadi ufukoni kunitazama. Aliona ndoana yangu ndogo, akatabasamu, akasema, "Nani kakufundisha?" Nilipomwonyesha yule mtoto, baba alimpa mkono kama mtu mzima.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikuwa nimesahau kuinama, mbele ya samaki na mbele ya mtoto pia. Haya, likizo yaja: kabla hujachimba minyoo, jiulize kwanza ni nani unayemkaribisha chakulani.