Mwari wa Elmenteita na Bomu Lenye Mabawa

Jua likishapanda, wari wa Ziwa Elmenteita huzunguka juu ya hewa moto bila kupiga mbawa, wakapata kimo, kisha wakaelea kuelekea Ziwa Nakuru kutafuta samaki. Kimo walichokipata ndicho kinachowapa umbali.

Kanuni iyo hiyo hutumiwa kurefusha masafa ya mabomu yanayoongozwa. Mabomu ambayo ndege za Uingereza aina ya Lincoln na Harvard ziliangusha katika misitu ya Nyandarua wakati wa vita vya Mau Mau, miaka ya 1950, hayakuwa na mwongozo wala mabawa. Rubani hakuwa na budi kulifikia eneo lenyewe, na hata hivyo bomu liliangukia liangukiapo.

Bomu la JDAM la Marekani huongozwa na setilaiti kupitia mapezi ya mkiani, nalo hufika kilomita 28 hivi. Likifungwa mabawa yaliyobuniwa Australia, yanayokunjuka baada ya bomu kuachiliwa, hupita kilomita 70. Hesabu yake si ngumu: likiachiwa kilomita 10 juu na kusonga mbele mita 7 kwa kila mita moja linaposhuka, litafika kilomita 70. (Si kombora, kama magazeti yapendavyo kuliita, kombora husukumwa na injini yake.)

Hivyo rubani hubaki mbali na mizinga ya kutungulia ndege. Aliye chini naye haioni ndege wala hasikii mvumo wake. Lincoln, yenye injini nne, ilisikika ikija.