Urithi Usiogawanywa: Krismasi ya Uchaggani na Kumbukumbu ya Wafadhili Waliotangulia

Kila mwaka ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa mabasi na magari madogo kuanzia Chalinze hadi Same. Wachagga wanarudi nyumbani. Treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi, iliyokuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 20, ilianza tena safari Desemba 2019, na abiria walikuwa tayari wakiisubiri. Wengi wanaoitazama safari hii kwa mbali huona nyama, pombe ya mbege na magari mapya yanayopanda Mlima Kilimanjaro. Hayo yapo, lakini Krismasi ya Uchaggani ina kazi nzito zaidi. Ndiyo siku ambayo ukoo unakutana kamili, wazee kwa watoto, huku waliokufa wakiwa wamelala hatua chache kutoka mezani. Kwa sababu hiyo ndiyo siku inayofaa kuliko zote kumkumbuka mtu aliyewalisha na kuwasomesha wengine, na njia ya haki ya kumkumbuka ni kuendeleza utoaji wake. Kihamba, yaani shamba la ukoo, hurithiwa, na deni hurithiwa. Ukarimu nao urithiwe.

Hoja hii haitoki nje ya mila. Mchagga huzikwa kihambani, kati ya migomba na mibuni iliyomlea, na kaburi lake huwa sehemu ya nyumba. Zamani familia ilichinja na kuwatengea wahenga sehemu yao, na sale, jani la heshima na la kuombea msamaha, lilikuwa na nafasi yake katika mambo hayo. Wamisionari Wakatoliki walipofika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, matambiko yalipigwa vita. Hata hivyo desturi ya kukutana na kugawana haikufa. Tazama mbuzi anavyochinjwa asubuhi ya sikukuu: anachunwa juu ya majani ya mgomba, na kabla jungu halijatengwa motoni kila kiungo kimeshajulikana ni cha nani. Kuna fungu la mzee wa ukoo, la mjomba, la mashangazi, la aliyechinja. Anayekula fungu lisilo lake amemkosea mwenzake, na jambo hilo linaweza kuitishiwa kikao. Kugawa, kwa watu hawa, hakungoji huruma ya mtu. Ni sheria ya nyumbani, na sheria haifi na mtu mmoja.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo inaishia pale damu inapoishia. Mtu akifariki, ukoo hukaa na kuulizana maswali ya msingi. Nani anabaki na nyumba ya wazazi, ambayo kwa kawaida ni ya kitindamimba? Nani anamdai marehemu, na nani alikopa kwake? Swali moja halina wa kuliuliza: marehemu alikuwa akimlipia nani? Kabla ya ada kufutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto wengi wa mlimani walisomeshwa kwa mshahara wa mtu mmoja: mwalimu, muuguzi, karani, mwenye duka Kariakoo, shangazi asiye na mtoto wake. Watoto hao hawakuwa wote wa ukoo wake. Mfadhili wa namna hiyo anapokufa, anaowaacha wanapata msiba mara mbili, maana wamempoteza mtu na wamepoteza mkono, na katika kikao cha mirathi hawana kiti. Mwaka unaofuata kaburi linawekwa vigae na msalaba wa marumaru. Mtoto aliyekuwa akilipiwa amekwisha kurudi nyumbani kuchunga.

Wakristo wa Kilimanjaro wana mfano wao wa kupimia jambo hili. Katika Matendo ya Mitume, Dorkasi alipokufa kule Yafa, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha nguo alizowashonea. Ushahidi wa maisha yake ulikuwa mikononi mwa waliopokea. Hali kama hiyo ilionekana wazi nchini mwaka 2019, alipofariki Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, aliyekufa Dubai tarehe 2 Mei na kuzikwa kwao wiki iliyofuata. Alikuwa na vyombo vya habari na viwanda, lakini walioomboleza kwa uchungu usiosahaulika ni watu wenye ulemavu, ambao kila mwaka aliwaandalia chakula na kukaa nao meza moja. Utajiri wake ulihesabiwa na wahasibu. Jina lake lilihesabiwa na wale waliowahi kualikwa. Na si lazima mtu awe Mengi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na karibu kila kijiji cha mlimani kina marehemu wake ambaye wajane wanamtaja hadi leo.

Wapo watakaosema kwamba kutoa kwa jina la marehemu siku ya kuzaliwa Kristo ni kurudisha tambiko kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo inastahili jibu. Tambiko humwomba marehemu kitu: mvua, afya, msamaha. Sadaka ninayoizungumzia haimwombi chochote. Haimwagwi kaburini, inapelekwa kwa mtu aliye hai mwenye njaa. Mlutheri asiyewaombea wafu anaweza kuitoa bila kuvunja imani yake, na Mkatoliki anayeweka nia ya misa anaweza kuitoa pamoja na misa hiyo. Jirani Mwislamu naye hatahitaji maelezo marefu, kwa sababu sadaka jariya, ile ambayo thawabu yake humfuata mtu baada ya kufa, anaijua tangu utotoni.

Wengine watasema ni kujionyesha tu. Hapa wana haki ya kulalamika. Tumeona mjane akisimamishwa mbele ya kipaza sauti, akipewa kilo tano za unga huku simu zikimpiga picha, na picha hiyo inadumu kuliko unga wenyewe. Huko ni kumlipisha maskini kwa aibu yake. Dawa yake ni kurudi kwenye mila ya fungu: lipelekwe nyumbani kwa mwenyewe asubuhi na mapema, mikononi mwa mtoto wa ukoo, kama linavyopelekwa fungu la mjomba. Mtoto aseme tu kwamba ni la marehemu babu, au la marehemu mwalimu. Jina la marehemu likitajwa, anayetoa leo hana sababu ya kutaja lake, na anayepokea haombi, anachukua kilicho chake.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni kwamba mlo wa siku moja hauondoi umaskini. Ni kweli, na ndiyo maana tarehe ina maana. Krismasi iko wiki chache tu kabla shule hazijafunguliwa Januari. Ada zimeondolewa katika shule za serikali, lakini sare, viatu, madaftari na mahitaji ya bweni vimebaki kwa mzazi, na mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kukosa kuripoti kwa ajili ya godoro na sanduku. Kikao cha ukoo kinachokaa baada ya sikukuu kujadili mipaka na makaburi kinaweza kuuliza, katika ajenda hiyohiyo: mwaka huu, kwa jina la marehemu wetu, nani anapelekwa shule, na nani analipiwa bima ya afya? Iandikwe katika daftari la ukoo, achaguliwe wa kuifuatilia, na Desemba ijayo atoe hesabu.

Basi wenye ukoo, mtakaporudi mlimani mwaka huu, kabla ya kuchanga fedha za vigae ulizeni kwanza marehemu alikuwa akimlea nani. Mtafuteni mtu huyo, mumkatie fungu lake, na mwaka unaofuata mfanye vivyo hivyo. Wema hauozi, lakini lazima awepo wa kuurithi.