Kuhifadhi Maneno ya Upare katika Seva: Maelezo ya Taswira za Diski, na Jina Lake

Katika milima ya Pare, tangu Ugweno upande wa kaskazini hata Mamba na Gonja upande wa kusini, husemwa lugha mbili ambazo mgeni huzidhani kuwa moja. Ya kwanza ni Chasu, ambayo wengi huiita Kipare, nayo ndiyo iliyoenea zaidi katika wilaya za Same na Mwanga. Ya pili ni Kigweno, ambacho kwa asili yake kimekaribiana na Kichaga kuliko Chasu. Wasemaji wake ni wachache, na vijana wengi wamekwisha kugeukia Chasu na Kiswahili. Ernst Kotz, mmisionari wa Kisabato, alipiga chapa sarufi ya Chasu mjini Berlin mwaka 1909. Juu ya Kigweno, Gérard Philippson na Derek Nurse walitoa makala mwaka 2000 katika kitabu cha Lugha za Tanzania kilichotolewa Leiden.

Sarufi ya Kotz imepita vita viwili vikubwa, na mpaka leo yapatikana. Sababu yake ni nyepesi: nakala zake zilitawanyika katika maktaba za nchi mbalimbali, na hapana mkono mmoja uwezao kuzifuta zote kwa siku moja. Hali ya makusanyo ya siku hizi ni kinyume. Chasu ni lugha ya toni, na toni haionekani katika maandishi ya kawaida. Kwa hiyo mtafiti hatosheki na orodha ya maneno, bali hurekodi sauti. Saa moja ya sauti isiyobanwa, ya sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 16, hukaribia megabaiti 346. Saa 500 zapata gigabaiti 173. Mzigo huo wote hukaa katika seva moja, pengine katika chumba kimoja, chini ya ulinzi wa mtu mmoja. Mzee aliyerekodiwa akiisha kufariki, hapana wa kumwendea tena.

Watu hudhani kwamba adui wa seva ni mwizi, moto au radi. Hao wapo, lakini mara nyingi mpotezaji ni mwenye mali mwenyewe, naye hupoteza akiwa katika kazi yake halali. Tuseme kijana amekaa Same akisafisha orodha ya maneno elfu sita ya Chasu. Aiamuru kompyuta ibadili herufi fulani mahali pote, nayo kwa utii wake yaondoa alama zote za toni. Faili ipo, jina lake ni lile lile, hata ukubwa wake haukupungua sana. Yaweza kupita miezi miwili kabla mtu hajatambua kwamba kazi ya miaka imerudi kuwa orodha bubu. Upotevu wa namna hii ni mbaya kuliko ule wa kufutwa kabisa, maana hauna kilio.

Wengine hujitetea kwa diski pacha, yaani diski mbili ziandikazo jambo lile lile kwa wakati mmoja. Dawa hiyo hutibu ugonjwa mwingine. Diski moja ikifa, ya pili huendelea. Lakini amri ya kufuta huzifikia zote mbili kwa pamoja. Hali ni hiyo hiyo kwa folda zinazolinganishwa kila wakati kwa njia ya intaneti: kosa lililofanywa Same hufika Dar es Salaam kabla chai haijapoa.

Vyuo vikubwa navyo havikusalimika. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu iliyowekwa kwa ajili ya kufanya nakala ilibadilishwa wakati ikiendelea kufanya kazi. Badala ya kuondoa kumbukumbu zake za zamani, ikafuta faili za watafiti zipatazo milioni 34, yaani terabaiti 77. Makundi 14 yalidhurika, na data za makundi manne hazikuweza kurudishwa.

Mfano wa pili una faida zaidi kwetu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta data katika seva aliyodhani kuwa nyingine. Katika gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Walipoziendea nakala za akiba, kila njia waliyoitegemea ilionekana kuwa na kasoro. Nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kufanyika, na barua za kuonya juu ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni taswira ya diski iliyoshikwa kiasi cha saa sita kabla, tena kwa haja nyingine kabisa. Yaliyoandikwa katika saa hizo sita yalipotea, yaliyotangulia yalirudi.

Taswira hiyo ni kitu gani? Na tufikiri juu ya karani mwenye kitabu kikubwa cha kurasa nyingi, na mwanzoni mwake orodha ya yaliyomo. Karani wa kawaida akitaka kusahihisha ukurasa wa 40, huufuta na kuandika juu yake. Karani wetu ana desturi nyingine: hafuti kamwe, bali huandika masahihisho katika ukurasa mtupu, tuseme wa 912, kisha hubadili orodha ili ielekeze huko. Siku akiambiwa ashike taswira, hanakili kitabu. Huweka tu kando orodha ya yaliyomo kama ilivyo saa hiyo, na kuapa kwamba ukurasa wowote uliotajwa humo hautaandikwa juu yake. Atakayetaka kujua hali ya kitabu siku ile atafuata orodha ya kale, naye ataukuta ukurasa wa 40 mahali pake. Diski imegawanywa vipande kama kurasa hizo. Mifumo ya namna hii yajulikana tangu miaka ya 1990. ZFS, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, ndiyo iliyoieneza sana, na katika Linux iko Btrfs.

Kwa sababu hiyo taswira hushikwa kwa nukta chache, na mwanzoni haichukui nafasi yoyote ya kutajika. Nafasi huliwa baadaye, kwa kadiri ya vipande vilivyobadilishwa au kufutwa. Hapa makusanyo ya lugha yana bahati ya pekee: sauti ni nzito lakini haibadiliki, na maandishi hubadilika kila siku lakini ni mepesi. Basi seva ya Chasu yaweza kushika taswira kila saa na kuzitunza kwa siku moja, za kila siku kwa mwezi, na za kila mwezi kwa miaka, kwa gharama ndogo. Hizo za kila mwezi zisidharauliwe. Ndizo zitakazomwokoa kijana wetu wa toni. Jambo moja huwashangaza wageni wa mfumo huu: wakifuta faili kubwa, nafasi hairudi mpaka taswira zinazoishikilia zimeachiliwa.

Lakini taswira hukaa katika diski ile ile. Seva ikiibwa, zimeibwa pia. Hapana budi zipelekwe mahali pengine, na hapa mfumo wasaidia tena, maana waweza kutuma tofauti tu baina ya taswira mbili. Masahihisho ya siku moja yatatoka Same kwa mtandao wa simu bila taabu. Sauti mpya za wiki nzima zaweza kupakiwa katika diski na kwenda na basi. Na mara kwa mara mtu ajaribu kurejesha faili moja na kuifungua. Kwa maoni yangu kazi hii ingeandikwa katika ratiba ya mradi kama safari za kurekodi zinavyoandikwa.

Imebaki shauri la jina. Waingereza hukiita kitu hiki kwa jina la picha inayopigwa haraka, na wengine kwetu husema picha tu. Silipendi, kwani picha ya mbuzi haikamuliwi, na hiki hukamuliwa. Nakala nayo haifai: asili yake ya Kiarabu ni kuhamisha na kunukuu, na hapa hakuna kilichonukuliwa, tena nakala rudufu imekwisha kushika maana ya kitu kinachokaa mbali, na kuzichanganya mbili hizi ndiko kunakowadanganya watu wakajiona salama. Nimetumia taswira, ambayo katika Kiswahili hubeba pia maana ya hali ionekanavyo akilini, na kitenzi chake nimekifanya kushika wala si kupiga, kwa kuwa karani hapigi chochote. Huzuia tu kisitoweke. Kwa kinyume chake nimesema kuachilia. Kufuta libaki kwa faili.