Dhamana ya Kausha Damu ni Aibu

Kila kikao cha mtaa nilichoketi Mbagala, mikopo ya kausha damu ikitajwa, hakosekani mzee wa kusimama na kusema wanawake wa siku hizi wanapenda makuu. Atataja harusi, atataja vijora vya sare, kisha ataketi huku wenzake wakitikisa vichwa kumuunga mkono. Nimekuwa bibi maendeleo katika kata za Temeke mpaka nikastaafu, na jibu hilo limenichosha. Si uongo mtupu, wapo waliokopa wakanunua sare. Ila muulize mmoja wao kwa nini, atakwambia angeikosa angesemwa mtaa mzima.

Tupige hesabu kwanza, maana watu hubishana juu ya riba bila kushika kalamu. Chukua mkopo wa kawaida wa aina hii. Muuza vitumbua anaandikiwa 100,000 na kutakiwa kurejesha 130,000 kwa siku 30, yaani 4,300 na ushei kila siku. Kabla hajazishika, zimekatwa 5,000 za fomu. Riba wanaiita asilimia 30. Lakini ikifika siku ya 15 nusu ya deni amesharudisha, ilhali anatozwa kana kwamba laki nzima iko mkononi mwake hadi mwisho. Ukichukua wastani wa mwezi, anazunguka na kama elfu 50 tu za mkopeshaji, na kwa hizo analipa 30,000. Hiyo ni asilimia 60 kwa mwezi, fomu hujaihesabu. Ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi.

Mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, aliandika mwaka 1959 kwamba katika mji wa watu 100,000, mmoja akikosa kazi, tazama tabia na ujuzi wake. Lakini katika nchi yenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, acha kuchunguza tabia za watu, chunguza nchi. Nami nasema hivyo hivyo kwa Mbagala. Mama mmoja akihama usiku kwa deni, tunaweza kumuuliza alikuwa anafanya nini na hela. Siku ya marejesho, nusu ya uchochoro ikifunga milango na kuzima simu, tumwulize nani?

Wapo wasomi waliojibu kama yule mzee wetu, ila kwa lugha ya kisomi zaidi. Mwaka huo huo wa 1959, Oscar Lewis alichapisha kitabu juu ya familia tano za Mexico, na kutokana na kazi zake likaenea wazo la utamaduni wa umaskini: kwamba maskini hurithishana mazoea yanayowabakiza walipo. Mwaka 1971 msomi mwingine, William Ryan, alilijibu wazo hilo kwa ukali, akisema hiyo ni njia ya kumtwisha lawama aliyeumizwa. Mimi niko upande wa Ryan, lakini simfuati hadi mwisho, kwa sababu utamaduni kweli umo ndani ya mikopo hii. Umo kwa namna ambayo yule mzee hajaiona.

Mkopeshaji wa kausha damu hadai hati ya nyumba. Anachotaka ni wanawake watano wanaojuana, wadhaminiane. Siku ya marejesho mmoja asipotokea, wanne hawaondoki kwenye benchi mpaka deni lipatikane. Jua likipanda na magenge yao hayajafunguliwa, wenyewe wanainuka kwenda kwake. Wanatoa jiko la gesi, runinga, godoro, mchana kweupe, watoto wa jirani wakishuhudia. Afisa mikopo hata mlango hagusi. Godoro lenyewe sokoni halifiki thamani ya deni, na hilo analijua. Anachouza si godoro. Mama yule amelelewa kwamba mambo ya ndani yasitoke nje, na mara nyingi hata mumewe hajui kama amekopa. Atauza chochote, atakopa kwingine kwa riba mbaya zaidi, ilimradi siku hiyo isifike.

Hili halikuzaliwa Dar es Salaam. Mwanaanthropolojia Lamia Karim alichunguza mikopo midogo vijijini Bangladesh, na katika kitabu chake cha mwaka 2011 akaueleza mfumo mzima kuwa ni uchumi wa aibu. Aliona wanakikundi wakibomoa nyumba ya mwenzao ili wauze vipande vyake, na wanawake wakivuliwa kipini cha dhahabu cha puani, ambacho kwao ni alama ya ndoa.

Mtu ataniuliza: na mchezo wa kuchangishana na kupokezana hela je? Si nao unaendeshwa kwa aibu? Ndiyo, na ndiyo maana hauvunjiki ovyo. Lakini kwenye mchezo anayekudai leo kesho anakuhitaji umchangie, kwa hiyo ana sababu ya kukusitiri, na hela inabaki uani. Kwenye kausha damu aibu ni yetu, faida inakwenda kwa mtu asiyejua hata jina la mtoto wako.

Wakopeshaji wa kwenye simu waliigundua dhamana hiyo hiyo. Programu inachota majina yote yaliyomo kwenye simu yako, ukichelewa inamtumia ujumbe shemeji, bosi na mchungaji. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 zisizo na kibali.

Mikopo isiyo na riba ipo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha mwaka 2023, ikairudisha mwaka uliofuata. Nimejaza fomu zake na vikundi vingi. Katiba, usajili, akaunti ya benki, halafu kusubiri. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare ya shule hasubiri.

Kwa wenyeviti wa serikali za mitaa nina ombi moja. Kikundi kikija kutoa vyombo vya mtu, na mara nyingi hupita kwenu kwanza, ombeni leseni ya Benki Kuu ya huyo anayedai, na amri ya mahakama. Asipokuwa nazo, mrudisheni.