Mtoto Asiwe Tarishi wa Wazazi Wake

“Mwambie baba yako ada bado.” “Mwambie mama yako sina fedha mpaka mwisho wa mwezi.” Maneno haya husikika mara nyingi pale wazazi wanapotengana, na anayeyabeba huwa ni mtoto wa darasa la tatu. Akirudi na jibu baya, anakaripiwa yeye. Tusishangae basi akianza tena kukojoa kitandani, au mwalimu akilalamika kwamba hasikilizi darasani.

Hakuna kati yetu anayefurahia ndoa ikivunjika. Lakini yakishafika huko, mtoto bado anatakiwa kula, kusoma na kutibiwa, na kwa hayo anawahitaji wote wawili.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huwataka wanandoa, isipokuwa kwa sababu chache maalum, wapite kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani. Akina mama wengi huenda pale kuchukua hati tu, waendelee na kesi. Tunaona ni hasara. Hata kama ndoa haiponi, mbele ya wazee wale mnaweza kukubaliana juu ya mtoto: ada italipwa na nani na tarehe gani, likizo ya Desemba atakuwa wapi, akiugua usiku aarifiwe nani. Yaandikwe, mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Karatasi hiyo itampunguzia mtoto safari nyingi za utarishi.

Kuna jambo ambalo sisi akina mama hulifanya kwa uchungu: baba hajaleta matunzo, basi hamwoni mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ambaye wazazi wake wametalikiana ana haki ya kumtembelea na kukaa na yule mwingine, ilimradi masomo yasivurugike. Haki hiyo ni ya mtoto. Suala la matunzo lipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii au mahakamani.

Wengine huishi kwa hofu kwamba mtoto akitimiza miaka 7 baba atakuja kumchukua. Sivyo. Sheria huchukulia kwamba aliye chini ya umri huo ni vema akae na mama, ingawa hilo laweza kupingwa. Akishauvuka, mahakama hutazama manufaa yake, na matakwa yake mwenyewe ikiwa anaweza kujieleza.

Palipo na kipigo, mama, usiende kuonana naye peke yako kwa ajili ya “kuelewana”. Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na mwombe ofisa ustawi asaidie kupanga mtoto akabidhiwe wapi na mbele ya nani.

Siku ya kumpeleka kwa baba yake, sare, madaftari na dawa viwe katika mfuko mmoja. Na akirudi, mpe chakula kwanza. Usimhoji huko alimkuta nani.