Rejesta ya Wito wa Dharura kwa Simu ya Mkononi: Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna mtu aliye mbali na barabara kuu anavyoweza kuomba msaada wa dharura kwa simu ya mkononi, na nafasi ya lugha katika kuufanikisha wito huo. Mifano inatoka mkoani Ruvuma, katika Mbinga na katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012.

2.0 Mawimbi na Sura ya Nchi

Kwa kiasi kikubwa mawimbi ya simu husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo mlima huyazuia. Katika Umatengo, aliye bondeni huweza kukosa mtandao ilhali aliye mgongoni mwa kilima anaupata. Ziwani hakuna kilima, lakini upo ukomo wa umbali: katika mfumo wa kawaida wa GSM, mnara hauhudumii simu iliyo mbali zaidi ya kilometa 35 hivi.

Simu inapopigwa kwa nambari 112, mfumo huo huiruhusu itumie mnara wa kampuni yoyote unaopatikana. Kwa mvuvi aliye karibu na maji ya Malawi au Msumbiji, mnara huo huenda ukawa wa nchi jirani. Hana budi, basi, kuitaja nchi yake.

3.0 Lugha ya Kutaja Mahali

Nchini Tanzania, 112 ni nambari ya polisi, 114 ni ya zimamoto, na 115 hutumika katika mpango wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura. Anayepokea simu aghalabu hakijui kijiji cha anayepiga. Hapo ndipo tatizo la kiisimu linapojitokeza. Kwa Wamatengo, ntambo ni mgongo wa kilima unaopakana na vijito, ambao kwa desturi hulimwa na watu wa ukoo mmoja. Jina la ntambo linamtosha jirani. Mgeni halimwelezi chochote. Vilevile, vionyeshi kama "kule juu" na "pale ng'ambo" hutegemea wazungumzaji wanaoona mandhari moja.

Inafaa kuanza na eneo kubwa na kuishia kwenye dogo: mkoa, wilaya, kata, kijiji, kisha alama kama shule, kanisa au daraja. Kwa mfano: "Nipo Ruvuma, Wilaya ya Nyasa, Kata ya Liuli, karibu na shule. Mama mjamzito anatokwa damu nyingi." Mtandao ukikatika baada ya sentensi ya kwanza, mpokeaji anajua pa kupeleka msaada. Tukio likitangulia, atajua kuna mama anayevuja damu, asijue yuko wapi.

4.0 Hitimisho

Mpangilio huu unapingana na mazoea ya mazungumzo ya Kiswahili, ambapo salamu na habari hutangulia haja. Hata hivyo, si utovu wa adabu. Katika dharura, ufupi ndio adabu yenyewe. Sauti isiposikika, ujumbe mfupi kwa ndugu aliye penye mtandao huweza kufika, kwa kuwa hauhitaji mawasiliano yasiyokatika. Tunapendekeza rejesta hii ifundishwe shuleni na katika kliniki za wajawazito. Mnara huyafikisha maneno tu. Maneno yasipotaja mahali, msaada hauna pa kwenda.