Umefunga gesi, gari inamisi: hiki ndicho kinachobadilisha soko la plagi na koili

Ukimuuliza dereva wa teksi mtandao Dar es Salaam kwa nini alifunga mtungi wa gesi, jibu huwa fupi: mafuta. Kilo moja ya gesi asilia imekuwa ikiuzwa kwa karibu nusu ya bei ya lita ya petroli, na kilo hiyo inakufikisha mbali kuliko lita. Ndiyo maana foleni za Ubungo haziishi.

Kinachomshtua kinakuja baadaye. Gari inaanza kumisi ikipanda mlima, taa ya injini inawaka, na fundi anasema, "Bosi, koili imekufa." Wiki chache mbele, nyingine nayo inakufa. Dereva anaanza kusema gesi inaua gari.

Si hivyo hasa. Gesi inafichua udhaifu uliokuwepo, kisha inauharakisha.

Mchanganyiko wa gesi na hewa ni mgumu kuwasha kuliko wa petroli. Koili kazi yake ni kuchukua umeme wa betri, volti 12, na kuupandisha hadi volti 20,000 na zaidi ili cheche iruke kwenye ncha ya plagi. Ukiwa kwenye gesi, cheche hiyo inahitaji nguvu kubwa zaidi. Halafu kuna joto: petroli ikigeuka mvuke inapoza kidogo hewa inayoingia, lakini gesi inaingia ikiwa tayari ni gesi, ubaridi huo haupo. Plagi inaungua zaidi, ncha zake zinalika, nafasi kati yake inapanuka, na koili inalazimika kusukuma umeme mwingi zaidi kuvuka pengo lililopanuka. Koili iliyochoka, ambayo kwenye petroli ingevumilia muda mrefu bila wewe kujua, kwenye gesi inasalimu amri.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, rudisha gari kwenye petroli na uiendeshe barabara ileile. Ikitulia, tatizo liko kwenye cheche au kwenye mfumo wa gesi wenyewe, mfano nozeli zake au namna ulivyosetiwa. Ikiendelea kumisi hata kwenye petroli, usiisingizie gesi.

Zamani koili ilikuwa moja

Wanaokumbuka Peugeot 504 na Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 90 wanajua hadithi ilivyokuwa: koili moja, disibyuta, rota, na waya nne za plagi. Ikisumbua asubuhi ya mvua, unafungua kifuniko cha disibyuta, unakifuta kwa kitambaa kikavu, unaondoka. Vifaa hivyo bado vipo Gerezani na Kariakoo, lakini wanunuzi wake wanapungua kila mwaka kwa sababu magari yenyewe yanaisha.

Toyota IST, Vitz na Raum zilizojaa barabarani zina koili juu ya kila plagi. Vitz ya silinda tatu ina koili tatu, IST ina nne, Mark X ya V6 ina sita. Yaani pale ambapo zamani kulikuwa na koili moja ya kufa, sasa kuna nne. Kwa muuza spea hiyo ni neema. Kwa mwenye gari ni bahati nasibu, maana hazifi siku moja.

Kenya imekwenda mbali zaidi kwa sababu ya sheria: gari iliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8 hairuhusiwi kuingia. Gari za disibyuta hazina tena mlango wa kuingilia, na maduka ya Kirinyaga Road yanafuata mkondo huo. Tanzania haijazuia, ila kodi ya uchakavu inaifanya gari kuukuu iwe ghali kuingiza.

Mpya, used, au kopi?

Ukifika dukani utaambiwa bei tatu. Kuna koili mpya orijino, ya Denso au yenye boksi la Toyota. Kuna used, iliyong'olewa kwenye injini iliyotoka Japani. Na kuna kopi mpya, inayong'aa, isiyo na jina au yenye jina la kuazima.

Madereva wengi wanapenda used, na wana hoja. Used ni kifaa cha kiwandani kilichokwisha kufanya kazi kwenye gari halisi. Tatizo, huwezi kujua kimebakiza maisha kiasi gani, na koili haionyeshi uzee kwa nje. Kwa gari ya petroli ya kwenda kazini na kurudi, used iliyopimwa si wazo baya. Kwa gari ya gesi inayokaa barabarani kutwa, mimi ningenunua mpya orijino, hata kama ni moja moja kila inapokufa.

Kopi ndiyo inayoumiza. Ikianza kumisi, petroli au gesi isiyoungua inakwenda moja kwa moja kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya kichujio cha moshi, ambacho bei yake haifanani hata kidogo na ya koili. Taa ya injini ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usogeze gari pembeni. Hiyo ndiyo maana yake.

Kabla ya kulipa, soma namba iliyochapwa kwenye koili ya zamani. Kwa injini ya 1NZ ya Vitz na Yaris, kwa mfano, utakuta 90919-02240. Koili mbili zinaweza kufanana kwa umbo zikatofautiana ndani, na muuzaji mwenye haraka atakwambia "hiyo hiyo tu."

Plagi: neno "iridium" halitoshi

Plagi za kawaida za nikeli ni bei rahisi na huchakaa mapema, kilomita 20,000 hadi 40,000 kutegemea gari na matumizi. Za iridium hutajwa kufika kilomita 100,000, ndiyo maana watu wanazikimbilia. Ila si iridium zote. Kuna zenye madini magumu kwenye ncha zote mbili, ile ya katikati na ile ya pembeni, na hizo ndizo za kukaa muda mrefu. Nyingine zina ncha ya iridium upande mmoja tu, upande wa pili ni nikeli ya kawaida, na maisha yake hayapishani sana na plagi rahisi. Boksi zote zimeandikwa Iridium. Na hizo kilomita 100,000 zimepigwa kwa petroli. Ukiwa kwenye gesi, fungua ukague mapema zaidi.

Feki zipo nyingi, hasa za NGK. Angalia ncha ya katikati. Ya iridium halisi ni nyembamba sana, milimita 0.4 hadi 0.6, karibu na sindano. Ukiona nene kama ya plagi ya kawaida, boksi limekudanganya. Namba 11 mwishoni mwa jina la plagi nyingi za Toyota ina maana nafasi ya milimita 1.1. Mafundi wengi wa gesi huibana nafasi hiyo ili koili isihangaike, lakini kwa iridium hilo ni jambo la mkono mwepesi: ukigonga ile ncha nyembamba imevunjika.

Huko zinakotoka nako kunahama. Kampuni inayotengeneza NGK ilibadili jina la biashara kuwa Niterra mwaka 2023, ikisema inataka kupunguza kutegemea injini za mafuta. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba Denso inazungumza nayo ili iiachie biashara ya plagi. Yale maboksi mawili unayoyashindanisha kwenye kaunta yanaweza kuja kuwa na mwenye mmoja. Na Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, na gari ya umeme haina plagi wala koili za aina hii. Huku kwetu bado sana. Hata gari ya haibridi bado ina plagi zake.

Usinunue nne kwa sababu ya moja

Fundi akikwambia ubadilishe koili zote, mwombe kwanza apime kwa mashine. Kodi P0302 ina maana silinda ya pili inamisi. Mwambie ahamishe koili ya silinda ya pili aiweke ya tatu, afute kodi, kisha mwendeshe. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, koili nzima, tafuta kwenye plagi, nozeli au kwingine. Kazi ya dakika 15 na spana moja ya namba 10.

Na anapoichomoa, chungulia shimo la plagi. Ukikuta oili humo, gasketi ya mfuniko wa juu wa injini inavuja, na koili mpya utakayoweka itakufa vilevile. Ukikuta maji, ulizia ilioshwa wapi: wale vijana wa kuosha magari wakipiga injini kwa mashine ya presha, maji huingia humo na kukaa. Waambie injini waifute kwa kitambaa.